Minyoo wa rangi ya kutu wamejaa kwenye tangi langu la matumbawe, nimwage dawa leo usiku?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la maji chumvi la lita 300, lina mwaka na miezi miwili sasa. Kama miezi miwili iliyopita niliona vidudu viwili vitatu vya rangi ya kutu kwenye kioo nikapuuza, sasa hivi viko mamia, vimejaa kwenye mchanga, kwenye mawe, na vingine vimepanda juu ya matumbawe uyoga mpaka yameanza kujikunja. Urefu kama milimita nne hivi, na nyuma ni kama vina vijimkia. Mwenzangu mmoja ananiambia nimwage dawa ya minyoo ya mifugo, mwingine anasema nipunguze chumvi, mwingine anasema nitoe mawe yote niyachemshe. Nina samaki sita, mmoja ni mandarini ambaye naona anakonda, konokono, kamba wawili, na tumbawe moja la akropora ninalolipenda sana ambalo nalo limeanza kupauka kwa chini. Nimeshapata dawa ya minyoo bapa dukani na nilitaka niimwage leo usiku. Nifanyeje?"

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Dawa iache kwenye boksi kwanza. Sijasema usiitumie kabisa, huenda ukaihitaji baada ya wiki mbili tatu, ila leo usiku hapana. Tangi lenye minyoo mamia kama lako linaweza kukaa nao wiki kadhaa bila samaki hata mmoja kufa, lakini ukiwaua wote kwa mpigo unaweza kuamka asubuhi ukakuta samaki wote wamelala chali. Hawa wadudu wakiwa hai wanasumbua tu, hatari yenyewe iko kwenye kufa kwao, na ndiyo maana nitakuchosha kidogo na maelezo kabla hatujafika kwenye dozi.

Kwanza tujue tunadili na nani, kwa sababu kwenye tangi la matumbawe kuna angalau aina nne za minyoo bapa watu wanazichanganya na kila moja ina dawa yake, na kuna moja ambayo haihitaji dawa yoyote. Kwa jinsi ulivyoeleza, rangi ya kutu, milimita nne, vijimkia nyuma, wanajikusanya kwenye mchanga na mawe na wanaongezeka kwa kasi, nina uhakika mkubwa hao ni wale ambao wafugaji wengi wanawaita planaria wekundu, jina lao la kitaalamu ni Convolutriloba, na yule anayesumbua zaidi matangini ni Convolutriloba retrogemma. Aliandikwa rasmi kisayansi mwaka 1988. Na kumwita planaria ni kosa, planaria ni mnyoo wa maji baridi na hawa si ndugu zake wa karibu, wako kwenye kundi linaloitwa Akoela, maana yake wasio na uwazi ndani, yaani hawana hata utumbo wenye tundu kama wanyama wengine, chakula kikiingia mdomoni kinasagwa moja kwa moja ndani ya nyama laini ya mwili. Uchunguzi wa vinasaba ukaja kuonyesha kwamba hawastahili hata kuwekwa ukoo mmoja na minyoo bapa wa kweli. Nimelitaja hili kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kuhusu planaria umetoka kwa wafugaji wa samaki wa maji baridi, unaweza ukaufuata wote vizuri na bado usikusaidie kitu.

Ili uwe na uhakika fanya hivi, chukua sirinji au bomba dogo uvute minyoo kama kumi, uwaweke kwenye sahani nyeupe na maji ya tangi kidogo, kisha uwapige picha na simu ukiwa umeweka lenzi ya kukuzia, hata kioo cha kusomea kinatosha. Convolutriloba utamwona ni bapa, anateleza kama tone la mafuta bila miguu wala kujipinda, mbele ni duara na nyuma ana ncha mbili au tatu, hizo ndizo vijimkia vyako. Ukiona kidudu chenye vinywele pembeni kinachojikunja kama jongoo, huyo ni mnyoo wa manyoya, msafisha mchanga, mwache. Ukiona chenye vipembe au manyoya mgongoni huyo ni koa na ni habari nyingine kabisa.

Wa pili ni Waminoa, na huyu nakuomba umwangalie vizuri pale kwenye matumbawe uyoga. Yeye naye ni kahawia, ila umbo lake ni kama sarafu ndogo iliyochanwa kidogo kwa nyuma, na hakai kwenye mchanga wala kioo, anakaa juu ya tumbawe lenyewe anakula ute wake. Ukikuta vile vya kwenye uyoga vina mikia mitatu kama vya kwenye mchanga basi ni walewale, wamepanda tu kutafuta mwanga. Ukikuta ni viduara vimebandikana kama magamba, una wageni wa aina mbili, jambo ambalo hutokea sana.

Wa tatu ni wale weupe au wanaopitisha mwanga, wanaotembea kwenye kioo asubuhi. Hao wanakula mabaki na vidudu vidogo, hawadhuru matumbawe, usipoteze usingizi.

Wa nne ni yule anayekula akropora, na hapa nimeshtuka kidogo uliposema akropora yako inapauka kwa chini. Nitamrudia, maana matibabu yake ni tofauti kabisa.

Sasa kwa nini wamekuwa mamia ndani ya miezi miwili wakati ulianza na wawili watatu? Hawahitaji mke na mume. Huyu retrogemma anachipua mtoto kwa nyuma, na cha ajabu mtoto anachipua akiwa ameangalia upande wa pili, kichwa chake kinaelekea kinyume na cha mama, akikomaa anajikata anaondoka. Kwa hiyo mmoja tu aliyekuja amejificha kwenye kitako cha tumbawe jipya anatosha. Halafu ndani ya ngozi yake anafuga mwani mdogo sana, mwani huo unatengeneza sukari kwa mwanga wa taa zako na mnyoo anapata chakula bure mchana kutwa, na juu ya hapo anawinda kopepodi, yaani vijidudu vidogo jamii ya kamba, na vidudu vingine vinavyoelea. Ndiyo maana unawakuta wamejaa sehemu zenye mwanga mzuri na maji yaliyotulia, na ndiyo maana tangi linalolishwa sana, lenye naitreti na fosfeti za juu, linawalea kuliko tangi linalolishwa kwa kipimo.

Na hapo ndipo shida ya mandarini wako inapoanzia kwa maoni yangu. Mandarini anaishi kwa kudonoa kopepodi siku nzima, kidogo kidogo, hana uwezo wa kukaa na njaa. Mamia ya minyoo wanaokula kopepodi zilezile kwenye tangi la lita 300, ambalo hata bila minyoo lilikuwa finyu kwake, wanamnyang'anya sahani mezani. Mwangalie tumbo kwa upande, kama limebonyea kuelekea ndani na mgongo umeanza kuchongoka, huyo ana njaa, na njaa yake haiwezi kusubiri tumalize habari ya minyoo. Anza leo kumpa kopepodi hai au artemia (vikamba vidogo vya kulishia samaki) waliototolewa sasa hivi, mara mbili tatu kwa siku, pampu zikiwa zimezimwa dakika kumi ili chakula kisichukuliwe na maji, unamwekea kwa sirinji karibu na anapopenda kukaa.

Sasa tuje kwenye lile la kufa. Mwilini mwa hawa minyoo kuna sumu. Wakiwa hai haitoki kwa kiasi cha kudhuru, na ndiyo inayofanya samaki wengi wawaonje na kuwatema. Wakifa, miili yao laini inayeyuka ndani ya dakika chache tu, na sumu yote inaingia kwenye maji kwa pamoja. Mmoja akifa hakuna kitu, kumi hakuna kitu, mia tano wakifa ndani ya nusu saa kwenye tangi dogo ni jambo jingine. Utaona samaki wanahema haraka, wanakimbilia juu, wanapoteza mizani, na wakati huohuo nyama inayooza inakula oksijeni na inatoa amonia, kwa hiyo samaki anapigwa pande tatu. Ukifanya usiku ndiyo mbaya zaidi kwa sababu taa zikizimwa mwani na matumbawe yanaacha kutoa oksijeni na yanaanza kuitumia, oksijeni inakuwa chini kuliko saa yoyote, na wewe umelala.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mingi nyuma, tangi langu la kwanza la matumbawe lilikuwa na hawa hawa, nikamwaga dawa vizuri tu kama lebo inavyosema, nikafurahi kuwaona wanajikunja wanaanguka. Sikuwa nimenyonya hata mmoja kabla. Ndani ya saa moja nilikuwa natoa samaki mmoja mmoja na ndoo nyingine sina, maji ya kubadilisha sijaandaa, kaboni, yaani ule mkaa wa kunyonya sumu kwenye maji, nayo ilikuwa imebaki kiganja kimoja. Dawa haikuwa na kosa, lebo haikuwa na kosa. Nilikuwa nimejiandaa kuua, sikuwa nimejiandaa kwa kinachofuata.

Kabla ya njia yenyewe niziondoe zile tatu ulizoambiwa. Dawa ya minyoo ya mifugo hapana, nguvu yake imepimwa kwa kilo za ng'ombe au mbuzi si kwa lita za maji, na ndani ya chupa huwa kuna viambato vingine ambavyo havikuwekwa kwa ajili ya kamba na matumbawe. Na ukisikia mtu anakutajia shaba, kimbia, shaba inaua kamba, konokono na matumbawe na inanyonywa na mawe ikakaa humo muda mrefu. Kupunguza chumvi hapana, samaki wengi wanavumilia lakini kamba, konokono na matumbawe ndio watatangulia kufa. Kuchemsha mawe ndiyo hapana kubwa kuliko zote. Kwanza unaua bakteria wote wanaokusafishia amonia, utarudi kwenye tangi la siku ya kwanza likiwa na samaki sita ndani. Pili, kama kwenye mawe yako kuna zoantidi, wale wanyama wadogo kama vifungo jamii ya matumbawe, na kwenye matangi mengi zipo hata mwenye tangi hajui, baadhi yake zina palitoksini, moja ya sumu kali sana zinazojulikana baharini, na kuna familia zimelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa mawe waliyoyachemsha au kuyamwagia maji ya moto ndani ya nyumba. Usijaribu kabisa.

Njia ninayokushauri ni ya kuchosha lakini ndiyo inayofanya kazi, kunyonya. Tafuta mpira mwembamba, ule wa pampu ya hewa wenye tundu la milimita nne mpaka sita unatosha, ufunge kwenye kijiti kigumu ili uweze kuuelekeza, na ndoo chini. Usianzishe mvuto kwa mdomo, jaza mpira maji kwanza au tumia sirinji. Fanya mchana au taa zikiwa zimewaka saa tatu nne, hapo minyoo wamejikusanya juu kwenye mwanga, wako wazi, unawafagia kama vumbi. Ukifanya asubuhi taa zikiwa ndio zimewaka wengi bado wamejificha utadhani wameisha. Anza na sehemu waliko wengi, usiwakwangue na kuwaponda, gusa na ncha ya mpira watanyonywa wenyewe. Kwenye matumbawe uyoga wapulize kwanza na sirinji kubwa halafu uwanyonye wakiwa wanaelea.

Kila ukinyonya utatoa lita tano mpaka kumi za maji, kwa hiyo kuwa na maji chumvi yaliyoandaliwa, joto na chumvi sawa na ya tangi, urudishie. Wapo wanaoyachuja hayo maji kwa soksi ya filta na kuyarudisha, inawezekana, ila mimi nayamwaga, kwa sababu humo ndani kuna minyoo waliochanika na sumu yao imeshaingia kwenye hayo maji. Yamwage chooni au kwenye shimo la maji machafu, kamwe si mtoni wala baharini, hawa wadudu usiwapelekee mwamba ambao haukuwa nao.

Fanya kila siku au kila baada ya siku moja kwa wiki mbili mpaka tatu. Weka minyoo wa kila zamu kwenye kikombe cheupe ukadirie idadi na uandike. Siku tatu za kwanza utaona kama hawapungui na utakata tamaa, hiyo ni kawaida, wale waliojificha wanatoka kuchukua nafasi. Kwenye wiki ya pili kikombe kinaanza kupungua. Sambamba na hilo punguza chakula cha samaki wengine kwa theluthi hivi, mandarini asiguswe, safisha soksi za filta mara kwa mara na uongeze mzunguko wa maji kwenye zile kona zilizotulia, geuza tu pampu moja ielekee pale wanapojikusanya, hawapendi kupepesuka. Kuna matangi nimeona yakapona kwa haya tu, bila tone la dawa.

Samaki wa kuwala? Watu wengi wanaanza na hili na ninaelewa kwa nini, ukimwachia samaki afanye kazi unaona umepumzika. Wrasi wa njano Halichoeres chrysus, yule mwenzake Halichoeres melanurus, na wrasi wa mistari sita wanatajwa sana, na kweli wapo wanaowadonoa. Lakini ni bahati, mmoja anakula kutwa nzima, mwingine wa aina hiyohiyo anawapita kama hawaoni. Na kwa tangi lako wewe wrasi wa mistari sita simshauri hata kidogo, ni mkali na anakula kopepodi, mandarini aliyekonda hatamvumilia wiki. Yupo pia koa wa baharini mweusi mwenye mstari wa bluu, Chelidonura varians, huyo hana utani, chakula chake ni hawa hawa. Tatizo lake ni kwamba wakiisha anakufa njaa, hawezi kula kingine, na ni mlaini, akivutwa na pampu amekwisha. Ukiweza kumuazima kwa mtu na kumpitisha kwa mwingine mwenye shida hiyo kazi ikiisha, vizuri. Kumnunua ili afe baada ya mwezi mimi sioni sawa. Na koa na dawa haviendi pamoja, dawa itamuua naye.

Baada ya wiki tatu kama bado wapo kidogo kidogo, sasa ndiyo dawa. Tumia ile iliyotengenezwa kwa minyoo bapa ya tangi la matumbawe, inayojulikana zaidi ni Flatworm Exit ya Salifert, na wewe unayo ya namna hiyo. Siku moja kabla fanya jaribio, chukua glasi ya maji ya tangi, weka minyoo watano sita na dawa kidogo ya kiwango cha lebo, angalia. Wakifa ndani ya nusu saa hivi, dawa inawashika. Wakiendelea kuteleza kama kawaida, ujue dozi hiyo haitoshi au dawa imezeeka, na umejua hilo bila kuhatarisha samaki.

Piga hesabu ya maji halisi, si ya kioo. Tangi la lita 300 ukitoa mawe na mchanga linaweza kubaki na lita 250 au pungufu, na kama una sampu, lile tangi la filta linalokaa chini, ongeza maji yake. Watu wanakosea hapa kila siku.

Siku yenyewe iwe siku uko nyumbani kutwa, uanze asubuhi taa zikishawaka vizuri. Kabla hujafungua chupa, maji chumvi mapya asilimia 30 ya tangi yawe tayari kwenye ndoo, yamepashwa joto, na kaboni mpya iliyosuuzwa iwe mkononi, kwa tangi kama lako mimi naandaa nusu kilo. Nyonya minyoo wote unaoweza kuwaona kwa mara nyingine. Toa kaboni ya zamani, zima skima (ile mashine inayotoa uchafu kwa povu) na taa ya UV, acha pampu zote za mzunguko zikifanya kazi na uongeze jiwe la hewa. Mwaga dawa taratibu sehemu yenye mkondo. Ndani ya dakika chache wataanza kujikunja na kuachia mawe, hapo mpira uwe mkononi unanyonya kila anayeelea, ukimwahi kabla hajayeyuka umetoa sumu yake nje. Endelea hivyo kama dakika 45, halafu rudisha kaboni mpya, washa skima, itatoa povu jingi usiogope, na badilisha maji yale asilimia 30. Ukiona samaki anahema haraka kabla ya muda huo kufika usisubiri saa, weka kaboni na badilisha maji palepale. Kaboni ibadilishe tena kesho yake.

Rudia baada ya wiki moja hata kama huoni mnyoo, kwa sababu ndani ya vitundu vya mawe dawa haifiki sawasawa, na mmoja aliyebaki unajua atafanya nini. Mara ya pili huwa nyepesi kwa kuwa wa kufa ni wachache.

Sasa akropora. Kupauka kwa chini kuna sababu nyingi, mwanga kutofika chini ya matawi, fosfeti au alkalini kuyumba, kwa hiyo usikimbilie kumhukumu mnyoo. Na wale wa kutu hawali nyama ya akropora. Anayeila ni Prosthiostomum acroporae, mnyoo bapa wa kweli, alielezwa kisayansi mwaka 2011, na ukimtafuta kwa macho huwezi kumwona kwa sababu rangi yake ni ya tumbawe lenyewe, hata ule mwani wa tumbawe alioula unaonekana ndani ya mwili wake. Unachotafuta ni alama. Mulika kwa tochi uone kama kuna vidoa vya duara vilivyopauka, vidogo kama kichwa cha pini, hizo ni alama za kuumwa. Kisha angalia sehemu ya chini iliyokufa, ile iliyobaki mfupa mweupe, kama kuna mayai ya kahawia-dhahabu yamepangwa kwa ukaribu kama mbegu za ufuta. Halafu toa tumbawe, liweke kwenye bakuli la maji ya tangi, lipulize kwa nguvu na sirinji kila upande, uone kama kuna viduara vinaanguka chini.

Ukiwakuta, kumwaga dawa tangini hakutakusaidia. Hapo ni kutoa akropora na kuiogesha kwenye bakuli lenye dawa ya kuogeshea matumbawe, ukiipuliza muda wote, na kurudia kila siku tano mpaka saba kwa wiki sita au zaidi. Sababu ya wiki zote hizo ni mayai, hakuna dawa ya kuogeshea inayopenya ganda lake, yatatotoa kwa zamu zake ndani ya wiki mbili tatu kutegemea joto la maji, na wewe inabidi umkute mtoto ametoka na kabla hajakua akataga. Mayai unayoyaona yakwangue, au bora zaidi kata sehemu yote ya mfupa uliokufa na utupe kile kitako cha zamani, ubandike tumbawe kwenye kipya. Ukiweza iweke kwenye tangi la pembeni muda wote huo, lisilo na akropora nyingine.

Vaa glavu na miwani kwenye kazi zote hizi za kukwangua na kupuliza, kwa ajili ya zile zoantidi nilizotaja. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, kizunguzungu, misuli kuuma au kifua kubana baada ya kushika mawe, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie daktari neno palitoksini, maana wengi hawajawahi kukutana nalo.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kama mandarini hali chochote kwa siku mbili tatu hata kopepodi hai, au samaki wanahema haraka leo hii kabla hujamwaga kitu chochote, tafuta daktari wa wanyama anayejua samaki, aone kama ni minyoo ya matumbo au ugonjwa wa mashavu, maana hiyo si kazi ya hawa minyoo wa kutu. Kama hukuweza kutofautisha wale wa kwenye uyoga, wapeleke wakiwa hai kwenye chupa ndogo kwa mfugaji mzoefu mwenye darubini, picha za simu hudanganya kwenye rangi. Na kama siku ya dawa uko peke yako na hujawahi kufanya, muombe mtu aliyewahi aje akae nawe lile saa moja, mmoja ananyonya mwingine anaangalia samaki.

Tumbawe jipya ukilileta nyumbani kuanzia sasa, lifanyie hayohayo kabla halijaingia, uogeshe, uvunje kitako chake utupe, na ulikalishe pembeni wiki nne mpaka sita. Lakini kwa leo kazi yako ni mbili tu, mlishe huyo mandarini kabla taa hazijazimwa, na kesho mchana uanze na mpira na ndoo.